Anzieni sokoni, kwenye maganda ya matoke

Mheshimiwa diwani, umeuliza halmashauri ya mji isiyo na pesa za lori jipya ianzie wapi kupunguza taka. Anzieni sokoni. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu Uganda ni za kuoza: maganda ya matoke, majani ya migomba, mabaki ya mboga. Zikitengwa palepale kibandani, wafugaji wa ng'ombe na nguruwe watazifuata wenyewe, na zinazobaki mtazifanya mboji. Zikishachanganyika na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, hakuna anayezitaka tena. Waokota chupa wapeni nafasi rasmi, msiwafukuze. Na tafadhali, msikimbilie kununua ardhi ya jalala. Jalala la Kiteezi, Kampala, liliporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30.