Taa ya kijani haitoshi: ushauri kwa anayeunganisha AS/400 na mtandao

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mikindani, hapa Mombasa, aliniandikia. Ameajiriwa juzijuzi na kampuni ya kusambaza bidhaa, na kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ni kuhamisha AS/400, ile kompyuta kuu ya IBM ya kampuni, kutoka ofisi ya zamani ya Moi Avenue hadi jengo jipya upande wa Nyali. Mashine imewaka, kompyuta za hapo ofisini zinaingia bila taabu, lakini ghala la Changamwe halioni kitu. "Dada, nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka, na taa ya kebo ni ya kijani. Mkuu ameshaanza kutaja mtaalamu wa kutoka Nairobi."

Maneno yale ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Jibu lako kwanza, mdogo wangu, maana ghala linasubiri. Usiizime tena. Andika amri CFGTCP, chagua 2, utaona orodha ya njia, yaani mashine ipitishe wapi inachotuma nje. Tafuta iliyoandikwa *DFTROUTE, njia ya kutokea ikiwa hakuna nyingine, usome anwani ya kituo kinachofuata. Naamini utakuta bado ni anwani ya rauta (kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi na wa nje) ya Moi Avenue, ambayo huko Nyali haipo. Kompyuta za ofisini ziko mtandao mmoja na mashine, hazipiti kwenye rauta, ndiyo maana zinaingia. Ombi la Changamwe linafika salama. Jibu ndilo linalokwama, kama abiria aliyevuka Likoni akakuta feri ya kurudi haipo. Ondoa njia hiyo, ongeza mpya yenye anwani ya rauta ya Nyali. Hakikisha rauta hiyo iko katika mtandao uleule wa kadi ya mashine, la sivyo mfumo utaikataa. Njia mpya huanza kazi papo hapo, huhitaji kuzima chochote.

Sasa nikueleze kwa nini suala la mtaalamu wa Nairobi linanigusa.

Nilizikuta mashine hizi zikiwa bado na nyaya za twinax. Ni kebo nene, kichwa chake kina pini mbili, na mstari mmoja ulibeba vituo saba, kila kimoja na namba yake kuanzia 0 hadi 6. Vituo viwili vikipewa namba moja, vyote viwili vinaanza kuhangaika na karani anapiga kelele kwamba mashine imekufa. Nilijifunza kazi nikitambaa chini ya meza za makarani nikisoma namba hizo moja moja kwa tochi. Aliyenifunza alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alinipa daftari tu, akasema kila nitakachoshika nikiandike kabla sijakishika.

Ukisoma vitabu vya maelekezo, majina yasikubabaishe. IBM waliitangaza AS/400 Juni 1988, kazi ya kiwanda chao cha Rochester, Minnesota, ikarithi System/36 na System/38. Mwaka 2000 ikawa iSeries, 2006 ikawa System i, na tangu 2008 mfumo wenyewe unaitwa IBM i na unakaa kwenye mashine za Power. Hapa Mombasa bado ni AS/400 tu, na amri nilizojifunza chini ya meza zile ndizo unazoandika wewe leo.

Kampuni niliyokuwa nayo ilikuwa na makao Moi Avenue na ghala Shimanzi. Ilikuwa kabla ya nyaya za intaneti za baharini kufika, kabla ya TEAMS na SEACOM za 2009, na kiungo chetu cha ghala kilikuwa chembamba kiasi kwamba karani akichapisha hati ndefu, wenzake wanakaa kungoja. Ikaamuliwa tuachane na twinax, mashine iingie Etheneti, mtandao wa kebo wa kompyuta za kawaida, na Shimanzi waingie kwa Telnet, yaani kufungua skrini ya mashine kupitia mtandao, kwenye kompyuta zao. Nikaomba kazi hiyo niifanye mimi. Meneja wa shughuli akanitazama akasema, "Dada, hii tuwaachie wataalamu." Mtaalamu akaletwa, akawekwa hoteli ya ufuoni, na mimi nikapewa kazi ya kuvuta kebo. Siku zile za kuvuta kebo sitakuchosha nazo.

Mwisho wa wiki ya kuhamia ukafika. Laini ya Etheneti ikaundwa kwa CRTLINETH, ikawashwa, WRKCFGSTS ikaonyesha kwamba imewaka. Anwani ikawekwa kwa ADDTCPIFC, njia kwa ADDTCPRTE, STRTCP ikapigwa. PING, ile amri ya kupima kama mashine inasikika, kutoka Shimanzi ikajibu. Lakini kila karani wa Shimanzi aliyefungua Telnet aliona skrini tupu, kisha muunganisho unakatika. Mtaalamu akabadilisha kebo, akabadilisha swichi, kile kisanduku kebo zote zinakokutana, na ilipofika alasiri akatangaza kwamba kadi ya mtandao imekufa, iagizwe nyingine kutoka ng'ambo. Bei aliyotaja ilimfanya mkurugenzi avue miwani.

Mimi nikaenda kwenye konsoli, skrini ya mashine yenyewe, nikaandika NETSTAT, nikachagua 3. Ile skrini inaonyesha nani ameunganishwa na nani. Nikampigia karani wa Shimanzi, nikamwambia ajaribu. Anwani yake ikatokea pale mbele yangu, mkabala na porti ya Telnet, yaani namba ya mlango wa huduma hiyo, ikakaa kidogo, ikatoweka. Kadi iliyokufa haiwezi kupokea mtu. Nikaandika DSPMSG QSYSOPR, panapokaa ujumbe wa mwendesha mashine, na mashine ilikuwa imeandika tatizo lake pale, mara nyingi, kwa lugha ya wazi, kwamba haina kifaa pepe cha kumpa mgeni. Thamani ya mfumo inayoitwa QAUTOVRT ilikuwa sifuri, jinsi inavyotoka kiwandani. Kwa sifuri mashine hairuhusiwi kujitengenezea skrini za watu wa Telnet, kwa hiyo inawapokea mlangoni na kuwarudisha. Nikafungua WRKSYSVAL, nikaweka idadi iliyotosha makarani wote na ziada kidogo.

Karani akajaribu tena. "Imekuja! Pale juu kulia imeandika QPADEV0001." Nasikia sauti yake mpaka leo.

Jumatatu barua ya shukrani iliandikwa kwa jina la mtaalamu, ikatakiwa ibandikwe ubaoni karibu na lifti, na aliyetumwa kuibandika ni mimi. Nimesamehe, lakini sijasahau, na sitaki wewe kijana ubandike barua ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nisikilize. Taa ya kijani kwenye kadi inakwambia umeme unapita kati ya kadi na swichi, basi. Juu yake kuna laini, juu ya laini kuna anwani, kisha njia, kisha jina, kisha huduma yenyewe, na kila ngazi inaweza kuwa nzima huku inayofuata imelala. Anza chini upande juu. Laini iangalie kwa WRKCFGSTS. Anwani iko NETSTAT chaguo la 1, njia chaguo la 2, watu walioingia chaguo la 3. Ukishajua ngazi iliyolala, nusu ya kazi imekwisha. Anayeanza katikati huishia kununua kadi.

Jina ndilo watu hulidharau. Kwenye CFGTCP chaguo la 10 kuna orodha ya majina ya mashine, na 12 ndiko linakowekwa jina la mashine yenyewe pamoja na anwani ya seva ya majina. Mkihama jengo na seva hiyo ikabaki nyuma, huduma fulani zitakuwa zinaingia polepole mno, FTP ya kutuma faili hasa, kwa sababu mashine inamuulizia mtu ambaye hayupo na kungoja mpaka ichoke. Watu watakwambia intaneti ni mbaya. Angalia 12 kwanza.

Halafu kuna kasi ya laini, na hapa nimeona mafundi wazuri wakizunguka wiki nzima. Upande wa mashine umewekwa megabiti 100 kwa sekunde, kutuma na kupokea kwa pamoja, umefungwa hapo, na upande wa swichi umeachwa ujichagulie. Swichi haipati wa kupatana naye, inaangukia kupokea na kutuma kwa zamu. PING inajibu vizuri, skrini ndogo zinafunguka, lakini ukituma faili kubwa inatambaa. Pande zote mbili ziwe *AUTO, au pande zote mbili zifungwe sawasawa. Hakuna la tatu.

Anwani ya mashine usiibadilishe ukiwa umeingia kwa anwani hiyohiyo. Lazima kwanza uisimamishe kwa ENDTCPIFC, na ukiisimamisha umejikata mwenyewe pamoja na kila aliyeingia kwayo. Fanya kwenye konsoli. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: laini moja inaweza kubeba anwani zaidi ya moja. Wakati wa kuhama, ongeza anwani mpya kwa ADDTCPIFC na uiache ya zamani kwa muda, ili printa na kompyuta ambazo hujazifikia ziendelee kufanya kazi kwenye swichi hiyohiyo. Ukimaliza kuzihamisha zote, ndipo uiondoe. Makarani hawatajua hata kama kulikuwa na uhamisho, na hiyo ndiyo sifa ninayoitaka mimi siku hizi.

Kuhusu kuzima na kuwasha, naomba uache kabisa. Ukizima mchana, umewatoa watu wote, na kuwaka kwake si kwa dakika moja kama simu. Hitilafu ya njia itakuwa palepale ikirudi, kwa sababu imeandikwa kwenye diski. Kinachotakiwa ni kuhakikisha ikiwaka yenyewe usiku baada ya umeme kukatika, mtandao nao unaamka: laini iwe inawashwa mfumo unapoanza, anwani iwe na AUTOSTART ya *YES, na STRTCP iwemo katika mwanzo wa mfumo. Kwa jinsi umeme wetu ulivyo, hili hulifanyi siku ya kuhitaji. Na swichi nayo iingie kwenye UPS. Nimekuta pahali mashine ina betri ya maana na swichi imechomekwa ukutani.

Sisi wa Pwani tuna adui mwingine ambaye vitabu vya Minnesota havimtaji. Chomoa kebo iliyokaa miaka karibu na dirisha linalotazama bahari, itazame ncha yake kwenye mwanga. Zile nyuzi ndogo za dhahabu utaziona zimeingia ukungu wa kijani. Ni chumvi na unyevu, na msimu wa kusi huzidi. Kebo ya namna hiyo inashika na kuachia bila mpangilio, unalaumu programu wiki nzima. Kata ncha, funga mpya. Chumba cha mashine kisiachwe dirisha wazi eti kiyoyozi kimeharibika. Pigania kiyoyozi. Nimewahi kugombana na mhasibu juu ya jambo hilo na ningegombana naye tena leo.

La usalama nalisema kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu siku hizi intaneti yetu ni ya kasi na kila bosi anataka kuingia akiwa nyumbani. Telnet ya porti 23 inapeleka nywila jinsi ilivyo, anayesikiliza njiani anaisoma. Usiifungulie dunia porti hiyo, hata kwa siku moja, hata akiamuru mkurugenzi. Kuna porti 992 ya Telnet iliyosimbwa, na programu za kompyuta zinazotumia 8470 hadi 8476 zina wenzao waliosimbwa, 9470 hadi 9476. Atakayeingia kutoka nje aingie kwa VPN, njia iliyosimbwa ndani ya intaneti. Bosi akikasirika, mwache akasirike. Humo ndani mna mishahara ya watu, mna madeni ya wateja, mna mzigo ulioko bandarini na usiolipiwa. Umekabidhiwa amana. Mtu wa mitambo anayefungua mlango ili asigombane na mkubwa hajafanya kazi yake.

Na nyinyi wengine mnaosoma hapa, mnaoambiwa kila siku kwamba mashine hii ni ya wazee na mkimbilie mambo mapya: jifunzeni mapya, lakini msiidharau. Benki, bima na wasambazaji sehemu nyingi duniani bado wanaitegemea, na wanaoijua wanastaafu. Nafasi iko wazi. Msingoje mtu wa kuwapa ruhusa. Ingieni kwenye konsoli mkisindikizwa, andikeni kwenye daftari, someni ujumbe wa QSYSOPR kila asubuhi kabla ya chai. Mashine hii inasema inachoumwa. Wengi hawaisomi.

Kijana wa Mikindani, ukishabadilisha njia, mwambie mtu wa Changamwe afungue Telnet nawe uwe kwenye NETSTAT chaguo la 3. Anwani yake ikitokea na kubaki, umemaliza upande wa njia. Ikitokea na kutoweka, nenda QAUTOVRT. Ikiwa haitokei kabisa, basi tatizo liko kwenye rauta au kiungo cha kati na si kwenye mashine, na hapo mwite aliyewauzia kiungo, ukiwa na picha ya skrini hiyo mkononi. Kisha zifuate printa za ghala, kwa sababu foleni zake zina anwani za zamani na hakuna atakayezikumbuka mpaka hati ya kwanza ikwame. Mkuu wako akiuliza nani amerekebisha, taja jina lako.