Ukitoka kuwaambia ndugu

Tabora

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza, ukishawaambia ndugu kwamba mtu wao amefariki, unarudije wodini bila mikono kutetemeka. Naanzia nyuma kidogo, maana taarifa iliyotolewa vibaya ndiyo inayokufuata mpaka kitandani kwako.

Kabla hujawaita, fungua faili usome majina yote matatu. Kina Mariamu hawakosekani wodini. Tafuta chumba chenye mlango, na kaa kitini. Daktari aliyesimama anaonekana anataka kuondoka. Simu ibaki nje. Ingia na muuguzi, na kama ni bibi aliyetoka vijijini huko Kasulu na Kiswahili hakimkai vizuri, awe muuguzi anayejua Kiha. Usimtwishe mjukuu kazi ya kutafsiri.

Waulize kwanza wanajua nini. Waandae kwa sentensi moja, kisha liseme neno lenyewe: amefariki. Ukizunguka na "hali imebadilika", mtu atatoka hapo kwenda kutafuta hela ya dawa. Halafu nyamaza. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu: kimya kinawatesa, wanakijaza kwa habari za presha na vipimo, wala hakuna anayesikia. Wakikufokea usijitetee. Maswali yatakuja, utayajibu.

Kabla hawajaingia kumwona, afumbwe macho, mipira na kanula za dripu zitolewe (kifo chenye mambo ya polisi usiguse kitu), shuka iwe safi. Familia nyingi za Ujiji ni za Kiislamu, zitataka kuzika leo leo, kwa hiyo kibali cha mazishi wewe ndiye ukifuatilie. Hiyo nayo ni kutoa pole.

Sasa mikono. Ile ni adrenalini, homoni ya mshtuko, inaisha yenyewe, ila kwa mtu ambaye hajala tangu asubuhi na amekunywa kahawa tupu inachelewa. Nawa, kunywa maji, tia kitu tumboni. Andika saa ya kifo na yote mliyofanya ungali unakumbuka. Kisha dakika kumi na wenzako wa zamu: kilitokea nini, kilikosekana nini. Tenganisha ugonjwa ulioshinda dawa, damu ambayo haikuwepo, na kosa. Usiku vyote vitatu vitakuja na sura moja ya hatia, lakini ni kosa tu linalokudai kitu, yaani kumwambia mkuu wako siku hiyo hiyo.

Jichunguze na hili: ukianza kusema "kitanda namba saba" na jina la mgonjwa unalijua, umechoka kuliko unavyodhani. Zikipita wiki mbili hulali hata siku za mapumziko, nenda kwa daktari wa afya ya akili, na usiende kujitibu kwa chupa au vidonge vya usingizi vya duka la dawa.

Siku uliyotoa taarifa ya kifo, dozi za watoto zihesabu na muuguzi, kila mmoja kivyake, ndipo mlinganishe. Na mikono ikigoma kabisa, mshipa wa mtoto mwachie mwenzako autafute.

Mama yako