Kuhesabu Matone Juu ya Bati

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha sita hapa Nyegezi. Simu ya kaka yangu ina megapikseli 50, lakini nasikia kamera za hadubini ya elektroni zina pikseli chache kuliko hizo na bei yake haishikiki. Kwa nini wasifunge kamera ya simu?

JIBU: Marahaba. Nilikulia Kirumba, nyumba ya bati isiyo na dari. Mvua ikianza, mimi na dada yangu tulihesabu matone: to, to, to. Ikikolea, hesabu inapotea, unabaki na mvumo tu. Kamera unayoiulizia huishi kwenye yale matone ya mwanzo.

Hadubini hiyo hupiga picha za vitu vidogo mno, kama protini, kwa elektroni badala ya mwanga. Elektroni ndiyo matone yetu. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 300,000 huiharibu protini inayoipitia. Kwa hiyo huwezi kumwaga elektroni upendavyo ili picha ing'ae. Unatumia chache, na kila moja ina thamani. Chipu ya simu imeundwa kupokea mwanga. Elektroni kali namna hiyo zitaimaliza.

Zamani ilitumika filamu. Baadaye kikaja kioo kinachong'aa kikigongwa na elektroni, mwanga wake ukapelekwa kwenye chipu kwa nyuzi za kioo. Lakini mwanga ule hutawanyika, kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa ukungu: unaona weupe, hujui taa iko mtumbwi upi. Mimi naona hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe.

Wabunifu, akiwemo Richard Henderson wa Cambridge, wakataka elektroni iigonge silikoni ya chipu moja kwa moja. Silikoni nene huirudisha elektroni ikagonga pikseli isiyo yake, basi wakaipunguza kwa nyuma mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi. Transista nazo zikasanifiwa upya zistahimili mionzi. Kamera iitwayo K2 husoma chipu yake mara 400 kwa sekunde, ili elektroni zihesabiwe moja moja, matone yasije yakagongana.

Kasi hiyo ina faida ninayoipenda zaidi. Sampuli, yaani protini iliyogandishwa kwenye barafu, husogea inapopigwa elektroni. Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga, picha moja ya muda mrefu ya Jiwe la Bismarck itavurugika. Piga nyingi za haraka, kisha zipange jiwe juu ya jiwe, nalo litatulia. Ndivyo wanavyofanya kwa protini.

Sasa nakupa kazi. Mvua ijayo, kaa chini ya bati na saa mkononi, uhesabu mpaka ushindwe. Niandikie ulifika matone mangapi kwa sekunde.