Ndoo ikizama kisimani: maswali yenu kuhusu "retrieve"

Mwalimu shikamoo. Kamusi inasema retrieve ni kurejesha, nikaandika "I retrieved the book to my friend", nimepigwa mkasi. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Uyole)

Marahaba mwanangu. Tatizo ni hilo neno kurejesha, mana kwetu lina njia mbili, kitu kirudi kwangu au kirudi kwa mwenyewe, sasa retrieve ina njia moja tu, wewe ndo unakifuata kilipo unakichukua. Kumpelekea rafiki kitabu chake ni return. Ila ndoo ikikatika kamba ikazama kisimani, ukashusha ndoano ukaiopoa, hapo ndo retrieve yenyewe, mi kuopoa naona inakaa karibu kuliko kurejesha. Au umeacha simu kwa fundi pale Mwanjelwa ukaifuata jioni: "I retrieved my phone from the shop". Iangalie hiyo "from", mara nyingi iko nayo.

Naweza kusema "I have retrieved from malaria"? (Dada wa Tukuyu)

Hapana dada, kupona ni recover. Pole kwa kuumwa.

Simu yangu inaandika "failed to retrieve messages", yani meseji zimepotea? (Kaka, Mafinga)

Usiogope kaka, kwa maneno hayo tu huwezi kusema zimepotea. Simu imekwenda kuzifuata kwenye seva, yani kompyuta inayozitunza, ikashindwa, mara nyingi mtandao tu unasumbua. Zikifutika kweli halafu fundi akazipata tena, hapo wanasema "recover".

Tukiandika retrieve, pale kwenye i na e inaanza ipi? (Mzazi, Tunduma)

I kwanza: retrieve. Receive ndo inaanza e kwa sababu ya ile c. Neno lenyewe limetoka Kifaransa cha zamani, maana yake kupata tena, walikuwa wanalitumia kwa mbwa wa kuwinda, ndo mana mpaka leo kuna mbwa wanaitwa golden retriever.

Fuvu la Mkwawa tuseme retrieved, returned au recovered? (Msomaji, Kalenga)

Hili swali limenigusa sana. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijipiga risasi 1898 asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa, fuvu likaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja kabisa kwamba likabidhiwe, lakini likakaa hukohuko mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda makumbusho ya Bremen kulichagua kati ya mafuvu mengi, na 1954 likafika Kalenga. Kwa hiyo Twining "retrieved", ndo aliyelifuata. Wajerumani "returned", walilitoa. Wahehe "recovered", walipata tena kilichokuwa chao. Yote matatu sahihi, inategemea sentensi unaanza na nani, na mi darasani naanza na Wahehe: "The Hehe recovered the skull in 1954".