Imeili za listi zimenichanganya, sijui nani anamjibu nani

SWALI: Habari zenu, nimejiunga na listi mbili za imeili za kikazi (zile ukituma meseji moja inawafikia wanachama wote) na natumia Thunderbird, programu ya kusomea imeili, sasa kila nikifungua nakuta meseji kibao zimechanganyika na zangu za kawaida, swali liko kule jibu liko huku, nikapanga kwa kichwa cha habari ndo zikavurugika zaidi. Nifanyeje jamani?

JIBU: Pole sana. Hiyo ya kupanga kwa kichwa cha habari achana nayo, mtu akibadili neno moja tu jibu lake linaruka mbali. Unachotaka ni nyuzi: nenda View, halafu Sort By, chagua Threaded, na kama menyu haionekani bonyeza Alt. Kila jibu litakaa chini ya meseji linayoijibu, na wala programu haibahatishi, maana kila imeili ina alama yake ya utambulisho na jibu linabeba alama ya ile iliyojibiwa kwenye heda (mistari ya taarifa inayosafiri juu ya kila imeili) inayoitwa References. Ndo maana wale wanaofungua imeili ya zamani, wakabonyeza kujibu, wakafuta kichwa na kuandika mambo mengine kabisa, mada yao inajificha ndani ya uzi wa watu, halafu wanalalamika hawajibiwi! Hilo hakuna setingi ya kulitibu. Na kama unapokea meseji za siku nzima zimefungwa kwenye imeili moja, nyuzi hazitakusaidia, omba uletewe moja moja.

Kuzitenga na zako sasa. Tengeneza folda kwa kila listi, kisha Tools, Message Filters, anzisha filta mpya, yaani kanuni ya kuhamisha meseji zenyewe kwenda kwenye folda. Usichuje kwa mtumaji, watumaji ni wengi mno, chuja kwa heda ya List-Id, yaani utambulisho wa listi yenyewe, ambayo listi nyingi huiweka kwenye kila meseji. Kwenye machaguo haimo, bonyeza Customize uiongeze mwenyewe. Za zamani hazitahama mpaka uiambie filta ipitie inboksi.

Uzi ukikuchosha, bonyeza K, basi, huo umeupuuza.

SWALI: Mimi natumia Gmail, nikituma meseji kwenye listi hainirudii. Imepotea?

JIBU: Haijapotea. Gmail ikiona nakala iliyorudi ni ileile uliyotuma haikuletei tena kwenye inboksi, iangalie kwenye zilizotumwa. Wengi wanaishia kutuma mara mbili mbili kwa hofu, usiwe mmoja wao, mtu akikujibu utaiona hapohapo juu ya jibu lake.