Soko la dawa za FTD linakua. Dawa yenyewe iko wapi?

Barua nyingi za wiki hii zimekuja na jambo moja: FTD, aina ya demensia (ugonjwa wa ubongo kudhoofika) inayoshambulia sehemu ya mbele na za pembeni za ubongo. Ndiyo ambayo familia ya mwigizaji Bruce Willis ilitangaza Februari 2023 kuwa anaugua. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, mtu akiwa bado anasomesha watoto.

Nimesoma kwamba soko la dawa za FTD linapanda kwa kasi. Baba yangu ana miaka 58, anaugua. Je, dawa imepatikana?

Bado, na pole sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha hata dawa moja ya kuzuia FTD wala kupunguza kasi yake. Ripoti za soko hujumlisha pia mauzo ya dawa za sonona na za kutuliza akili, ambazo zilitengenezwa kwa maradhi mengine na wagonjwa hawa huandikiwa ili watulie. Kwa hiyo soko linaweza kukua bila ugonjwa kurudi nyuma hata hatua moja. Akija mtu na dawa mpya ya bei kubwa, muulizeni kwanza imeidhinishwa kwa ugonjwa gani, kabla hamjagusa shamba.

Wagonjwa ni wachache. Kampuni kubwa zinafuata nini huko?

Zinafuata mambo mawili. La kwanza ni sheria: tangu 1983, Marekani humpa mtengenezaji wa dawa ya ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo miaka 7 ya kuuza bila mshindani wa dawa hiyo kwa ugonjwa huo. Ulaya humpa miaka 10. La pili ni jeni, yaani chembe za urithi. Mwaka 2006 watafiti waligundua kwamba baadhi ya familia zenye FTD zina hitilafu katika jeni ya progranulini, protini inayosaidia seli za ubongo. Protini ikipungua, ubongo hunyauka. Hapo wawekezaji wakaona shabaha iliyo wazi: irudishe protini. Desemba 2020 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilitangaza kuinunua Prevail, kampuni ya tiba ya jeni, kwa takriban dola bilioni 1. Julai 2021 kampuni nyingine ya dawa, GSK, ikakubali kuilipa Alector, yenye dawa ya kupandisha progranulini, dola milioni 700 za kuanzia.

Hiyo dawa ya Alector imefikia wapi?

Habari hii iliniuma. Oktoba 2025 matokeo ya majaribio ya awamu ya tatu ya dawa hiyo, latozinemabu, yalitoka. Progranulini ilipanda kweli kwenye damu, lakini ugonjwa haukupunguza mwendo. Kampuni ikapunguza karibu nusu ya wafanyakazi. Familia zilizokuwa zimehesabu miezi zikarudi mwanzo. Kampuni nyingine bado zinajaribu njia zao, zikiwemo tiba za jeni. Lakini hata zikifaulu, zitawahusu kwanza wenye hitilafu hiyo ya jeni, ambao ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa wa FTD.

Mama anapewa donepezili, dawa ya Alzheimer. Inafaa?

Kwa FTD haijaonyesha faida, na wengine huwazidishia fujo. Msiiache wenyewe, mwulizeni daktari aliyeiandika.

Mume wangu amekuwa mtu mwingine. Hana aibu, hela anazigawa ovyo, nikilia haguswi. Ndugu wanasema amerogwa.

Dada yangu, hajarogwa, na hakuchukii. Sehemu ya ubongo inayotuzuia na kutufanya tumhurumie mwenzetu ndiyo huanza kufa, huku kumbukumbu ikiwa bado nzuri. Ndiyo maana wengi hudhaniwa ni wahuni au walevi. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na umweleze tabia zilizobadilika na lini zilianza; andika kabisa kwenye karatasi. Leo hii badilisha namba ya siri ya akaunti ya pesa kwenye simu, na hati ya nyumba ihifadhi kwa mtu unayemwamini.