Kumzoeza kindi wa ardhini shambani

Umeuliza utamzoezaje kindi anayetoka shimoni kando ya shamba lenu huko Solai, Nakuru. Usianze na mkono, ndugu. Keti chini, mita kumi hivi kutoka kwenye shimo, jua likishapanda, kwa sababu asubuhi ya baridi huwa bado yuko ndani. Rudi saa ile ile kila siku na usikae kati yake na shimo. Akiona njia ya kukimbilia imezibwa, hatulii kamwe.

Weka karanga mbichi tatu au nne, zisizo na chumvi, juu ya jiwe bapa, kisha rudi nyuma. Zikiliwa siku tatu mfululizo, sogeza jiwe nusu mita kuelekea ulipoketi. Akisimama kwa miguu ya nyuma huku nywele za mkia zimetanuka kama brashi ya chupa, umeharakisha. Rudisha jiwe lilipokuwa.

Ishia hapo kwenye jiwe. Kidole kinachonuka karanga kitang'atwa, na meno yale hupasua mahindi makavu. Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali.

Mwezi wa tatu, mahindi yakipandwa, acha kabisa kumlisha. Hufukua mbegu mstari kwa mstari, na jirani aliyetega sumu hatauliza ni rafiki ya nani. Kumfungia nyumbani pia sahau: bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013.